USIKIMBILIE GIA BOKSI, SIKILIZA KWANZA PIKAPU INALIA WAPI!

Leo naomba tuache kidogo stori za rimu za kung'aa na spika za kutikisa mtaa. Tuongelee jambo linalowanyima usingizi vijana wengi wanaosaka mshiko kwa pikapu hapa mjini.

Ni ule mlio. Unaujua. Ukienda taratibu, kimya, raha mustarehe. Ukikanyaga mafuta tu ili umpite mtu wa bajaji, chini kunaanza: uuuuuuu! Ukiachia, unafifia. Ukikanyaga tena, uuuuuuu! Utadhani kuna mtu kafungiwa chini ya bodi anaomba kutolewa.

Wapo wanaoutibu kwa kuongeza sauti ya redio. Hao tuwaombee dua. Wengine wanakwenda kijiweni kuuliza, na kijiweni kila mtu ni fundi. Huyu atasema gia boksi, yule atasema difu, wa tatu atasema beringi ya tairi. Wa nne hana gari lakini ana binamu yake Gerezani mwenye gia boksi ya mtumba "imetoka Japani juzi, haijaguswa". Hapo ndipo mtu anapoingizwa mjini mchana kweupe.

Mimi nina neno moja tu leo: mlio ni shahidi. Shahidi huhojiwa kwanza, hukumu inafuata. Ukitoa pochi kabla ya kusikiliza, utabadilisha spea tatu nzima ili ufike kwenye moja mbovu.

NGUVU INAPITA WAPI?

Tuanze na somo fupi, msisinzie. Pikapu nyingi tunazoziona mjini, hasa Hilux za miaka yote, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia gia boksi, inasafiri kwenye propela hadi kwenye difu, kisha inagawanywa kwa magurudumu mawili ya nyuma.

Ndani ya difu kuna gia ndogo inayoitwa pinioni na gia kubwa inayoitwa kraunwili. Propela inazungusha pinioni, pinioni inazungusha kraunwili. Kwenye pikapu nyingi pinioni huzunguka kama mara 4 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Meno yake yamekatwa kwa kupinda, na pinioni imekaa chini kidogo ya katikati ya kraunwili. Mtindo huo kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuuweka kwenye magari yake mwaka 1926, na faida yake ni kwamba difu inakuwa na nguvu na haipigi kelele.

Lakini una sharti. Meno hayo hayagusani tu, yanasuguana kwa kuteleza. Bila oili yake maalumu, yanakula yenyewe kwa yenyewe. Na ukikanyaga mafuta ndipo yanapobanwa kuliko wakati wote. Ndiyo maana ugonjwa unajitokeza pale unapoongeza mwendo na si pale unapotambaa kwenye foleni ya Ubungo.

DADA WA TABATA

Sasa niwape mfano wa kweli. Jirani yangu mmoja wa Tabata, dada mchapakazi ile mbaya, alinunua Hilux kwa fedha za upatu na akiba ya miaka minne. Kazi yake ni kuleta mananasi kutoka Kiwangwa, kule upande wa Bagamoyo, na kuwauzia wenye meza pale Buguruni. Anaendesha mwenyewe, utingo wake ni mdogo wake wa kiume.

Pikapu ikaanza kulia. Akaipeleka kwa fundi mmoja kijana, na wiki hiyo ilikuwa imebaki kidogo Ramadhani ianze, wateja wameshaagiza matunda ya futari, na mkulima kule shamba ameshapewa chake cha mwanzo. Fundi akamwambia, "Dada yangu, hapa gia boksi imekwisha. Leta hela nikutafutie nyingine leo leo."

Hela yenyewe ilikuwa ni mtaji wake wote wa mwezi mtukufu. Akanifuata nyumbani jioni.

"Kaka, wewe si unaandika mambo ya magari? Huyu fundi hata hajaiendesha. Kaisikia inaingia getini tu, kashasema gia boksi. Mimi nimeisikia wiki tatu, mbona mlio unatoka nyuma yangu?"

Mnaona? Dada wa watu alikuwa ameshashinda nusu ya mtihani, ila hakuna aliyemuuliza. Sisi wanaume tuna tabia hiyo, mwanamke akizungumzia gari tunaanza kucheka kabla hajamaliza. Mimi cheti cha ufundi sina, ila utoto wangu wa likizo zote niliumalizia gereji moja ya Ilala nikimshikia fundi mzee taa. Nikamwambia tutoke Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, tukaihoji pikapu yenyewe.

SWALI LA KWANZA: INALIA IKIWA IMESIMAMA?

Washa gari, vuta breki ya mkono, weka nyutro. Kanyaga mafuta taratibu hadi injini ipande. Kama ule mlio unatokea hapo hapo, gia boksi na difu hazihusiki sana, maana gari haliendi popote. Angalia mbele: fenibelti, altaneta, pampu ya pawa stering, puli.

Ukizungusha usukani mlio ukazidi, ongea na pampu na uangalie oili yake. Ukiwasha taa kubwa na feni ya ndani mlio ukabadilika, ongea na altaneta. Kama unalia kwenye nyutro lakini ukikanyaga klachi unanyamaza, hapo kweli mashaka yaende kwenye beringi ya mbele ya gia boksi. Kwa wenye oto, angalieni oili ya gia boksi yenu, ikipungua pampu yake huanza kulalamika.

Wenye dizeli za turbo wasikilize kitu kimoja. Turbo haipigi sawasawa gari likiwa limesimama, kwa hiyo inaweza kunyamaza hapo na kulia barabarani. Mlio wake ni mwembamba kama filimbi, unapanda na injini. Ukiusikia pamoja na gari kukosa nguvu na moshi mweusi, kagua mapaipu ya hewa kama yamechanika au klipu imelegea.

Ya dada tuliipandisha injini hadi jogoo wa jirani akaamka. Kimya. Tukafuta nusu ya orodha bila kushika hata spana.

SWALI LA PILI: UNAFUATA INJINI AU UNAFUATA MWENDO?

Hili ndilo swali tamu kuliko yote. Tafuta barabara nzuri isiyo na watu. Nenda kilomita 60 kwa saa ukiwa gia ya tatu, sikiliza. Mwendo uwe ule ule 60, weka ya nne, sikiliza. Kisha ya tano. Injini itakuwa inapungua sauti kila unapopandisha gia, hilo la kawaida. Wewe sikiliza ule mlio wenyewe.

Ukishuka pamoja na injini, ugonjwa uko mbele, kwenye injini au ndani ya gia boksi. Ukibaki vile vile kwa gia zote, ugonjwa uko baada ya gia boksi: propela, difu, beringi za magurudumu au tairi.

Kuna siri nyingine. Kwenye gia boksi nyingi za kizamani za gia tano, gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja, haizungukii kwenye shafti ya chini. Kwa hiyo gari likilia gia zote isipokuwa ya nne, hapo fundi akikutajia gia boksi msikilize, ana hoja.

Tulipita barabara ya Mandela kuelekea Tazara. Ya tatu, uuuuu. Ya nne, uuuuu. Ya tano, uuuuu ile ile, haijashuka hata kidogo. Dada akanitazama, "Kwa hiyo si gia boksi?" Nikamwambia asubiri, kesi haijaisha.

SWALI LA TATU: UNATAKA MZIGO AU HAUJALI?

Sasa ukiwa kwenye mwendo huo, kanyaga mafuta, shikilia, kisha achia ghafla gari lijiburuze lenyewe. Tairi na beringi za magurudumu hazijali sana kama umekanyaga au umeachia, zenyewe zinavuma tu kadiri unavyokimbia. Beringi ya gurudumu hubadilika ukiyumbisha gari taratibu kushoto na kulia, maana uzito unahamia upande mmoja. Tairi lililolika vibaya hubadilika ukitoka kwenye lami nzuri ukaingia kwenye lami mbovu au kifusi.

Difu yenyewe ina tabia zake. Ikilia ukikanyaga tu, upande mmoja wa meno ya pinioni na kraunwili ndio unaolalamika. Ikilia ukiachia tu, ni upande wa pili, na mara nyingi pinioni imelegea. Ikianza kulia kote kote na kuongeza mkoromo mzito, beringi za pinioni zinakuaga. Mtikisiko ukiwa mkubwa kuliko mlio, au kukiwa na "ting'" ukiingiza gia, kagua krosi za propela na senta beringi.

Ya dada ililia ukikanyaga. Lakini tulipoachia, ilibaki sauti ndogo ya kukoroma. Nikamuuliza kama ndivyo ilivyoanza.

"Hapana. Mwanzo nikiachia ilikuwa inanyamaza kabisa. Huku kukoroma ni kwa wiki hii."

Hapo nilinyamaza kidogo, washkaji. Ugonjwa ulikuwa unahama kutoka kwenye meno kuingia kwenye beringi. Tukageuza gari kwenda kwa yule mzee wangu wa Ilala.

KIDOLE CHA FUNDI MZEE

"Shikamoo fundi," dada alimsalimia.

"Marahaba mwanangu. Gari liache hapo kwenye sakafu iliyo sawa, zima. Hatufungui kitu mpaka lipoe."

Lilipopoa, mzee hakugusa gia boksi. Alilala chini ya bodi na tochi. Pale propela inapoingia kwenye difu palikuwa pamejaa udongo mweusi uliolowa oili, na kwenye sakafu ya bodi juu yake palikuwa na mstari wa oili kama umepigwa kwa brashi. Propela ilikuwa inairusha kila safari. Sili ya pinioni ilikuwa inavuja.

Akafungua nati ya kujazia, ile ya juu. Zingatieni hapo: nati ya kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukianza na ya chini ukamwaga yote, halafu ya juu ikagoma kufunguka, umeshajikwamisha. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu, kidole kikiingia kilowe. Mzee aliingiza kidole, akakipinda, akakitoa kikavu. Akatuonyesha tu bila kusema neno.

Difu ya namna ile inameza kama lita 2. Iliyotoka haikufika nusu lita, tena nyeusi, na kwenye sumaku ya nati kulikuwa na uji wa chuma. Mzee akausaga kati ya vidole. "Unga mnakuwa nao wote. Ningeona vipande, tungezungumza mengine."

Kisha akafanya kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka. Alitafuta kile kikofia kidogo juu ya ekseli, kitundu cha kupumulia. Kilikuwa kimezibwa na tope gumu la njia za shamba. Difu ikipata joto hewa ya ndani inatanuka, na ikikosa pa kutokea inasukuma oili ipite kwenye sili. Ukibadilisha sili ukaacha kitundu kimeziba, baada ya muda utarudi pale pale. Na siku oili hiyo ikipitia sili za magurudumu badala ya mbele, inaingia kwenye ngoma za breki za nyuma. Hapo hatuzungumzii tena mlio, tunazungumzia breki.

SAFARI YA KIWANGWA

Ikaja kasheshe yenyewe. Jumanne dada alikuwa na mzigo wa mananasi, na ndio mzigo wa kwanza wa Ramadhani. Akamuuliza mzee, "Baba, ukinijazia oili leo, si naweza kwenda hii safari moja halafu nikirudi ndiyo uifungue?"

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa. "Mwanangu, kwenda itafika. Kurudi na mzigo ndiyo sina jibu."

Beringi ya mbele ya pinioni ndiyo inayokosa oili mapema kuliko zote. Ikikauka inapata moto, ikipata moto inabana, na ikibana kabisa ukiwa kwenye mwendo, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga. Fikiria hilo likutokee na mzigo wa mananasi mgongoni, mdogo wako kakaa pembeni.

Dada alikaa juu ya tairi bovu karibu robo saa akipiga hesabu kwenye simu. Kisha akapiga kwa mwenye Canter mmoja, wakapatana. Faida ya safari ile karibu yote iliishia kwenye kukodi gari la mtu. Lakini mananasi yalifika, wateja hawakuhama, na pikapu ikabaki juu ya stendi.

MATENGENEZO YENYEWE

Mzee aliweka alama kwenye propela kabla ya kuifungua ili irudi ilivyokuwa. Akavuta shafti za magurudumu, akaitoa difu kwa mbele. Beringi ya pinioni ilikuwa imebadilika rangi kwa joto na uso wake umedonoka vitundu. Meno ya kraunwili yalikuwa mazima. Tungechelewa mwezi mmoja, ingekuwa hadithi nyingine, maana pinioni na kraunwili zinauzwa kwa jozi. Zimesagwa pamoja kiwandani, hazichanganywi ya gari hili na ya gari lile.

Akaweka beringi mpya, sili mpya, na kile kibushi chembamba kinachobonyea ambacho kimo kwenye difu nyingi. Hapo ndipo mafundi wa bomba wanapoharibu. Nati ya pinioni inakazwa kidogo kidogo huku ukipima ugumu wa kuzunguka. Ukipitiliza, huruhusiwi kulegeza kurudi nyuma, unatoa kibushi unaweka kingine. Fundi anayechomeka bomba refu kwenye spana na kukaza mpaka mishipa imtoke anakutengenezea mlio mpya. Kwa hiyo gari likianza kulia siku chache tu baada ya kubadilishiwa sili, mnajua pa kuanzia kuuliza.

Mwisho akapaka rangi kidogo kwenye meno, akazungusha, akaangalia yanagusana katikati au pembeni. Akazibua kitundu, akajaza oili ya difu yenye alama ya GL-5, uzito wa 80W-90. Oili ya injini haiwekwi humo hata ukisihiwa vipi.

Ukijumlisha beringi, sili, kibushi, oili na ufundi, haikufika nusu ya bei ya ile gia boksi ya mtumba. Na ile gia boksi, hata ingefungwa na malaika, mlio ungebaki pale pale, maana haukuwa unatoka huko. Dada angeingia Ramadhani hana mtaji na difu kavu.

YA KUONDOKA NAYO

Kwanza, mwambie fundi apande gari muende barabarani kabla hajataja jina la spea. Akikataa, salimia uondoke.

Pili, kila ukibadilisha oili ya injini, mwambie akague pia difu na kile kitundu cha kupumulia. Kama umefungiwa beringi mpya, ikifika kilomita 1,000 hivi mwaga oili ya difu uweke nyingine.

Tatu, ukilazimika kununua difu ya mtumba, hakikisha hesabu ya meno yake inalingana na ya zamani. Kwa wenye gari la kuvuta magurudumu yote manne hili si la mzaha, ya mbele na ya nyuma zisipolingana zitavunjana zenyewe.

Nne, ukienda kununua pikapu, usikubali kuiendesha ndani ya uwanja wa muuzaji tu. Wapo wajanja wa tangu enzi za babu wanaoweka unga wa mbao kwenye difu ili inyamaze siku ya mauzo. Omba kufungua nati ya kujazia, ingiza kidole, kinuse na ukitazame.

Tano, usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi. Mlio unaweza kusubiri, mama yako hataki kusubiri habari mbaya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye pikapu ufa unaanza na sauti, na sauti yenyewe inasikika bure. Zima redio leo, fungua kioo, kanyaga mafuta mara moja, sikiliza. Ikikaa kimya, mshukuru Mungu uendelee kutafuta.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutaongelea breki zinazopiga kelele na wale wanaozitibu kwa kumwagia maji. Hadi hapo, endesheni taratibu, mjini hakuna anayetukimbiza!